Bibi Mayarun na Mgeni Aliyeshika Upawa

Ko-ko. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayemeza mate. Ko.

Mayarun Bibi aliisikia sauti hiyo siku ya tatu tangu kaka yake awasili kutoka Beanibazar, mji wa kwao, naye ameketi kwenye kaunta ya mgahawa wa Surma akiandika majina ya walioweka nafasi za meza. Ulikuwa upawa juu ya ukingo wa sufuria, mara mbili, halafu mara moja. Mtu pekee aliyewahi kugonga hivyo ni baba yao, na baba yao alikuwa kaburini mwaka wa thelathini. Marehemu alikuwa mpishi wa harusi. Alipika katika nyua za watu, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani, na kila mchuzi ulipomridhisha aligonga hivyo, na watoto waliokuwa wakicheza ng'ambo ya bwawa wakajua sasa ni wakati wa kunawa mikono.

Mayarun alielewa mara moja. Mgeni ameingia jikoni. Ilimpasa ainuke, apite ule mlango wa kusukuma, amnyang'anye upawa, amrudishe ghorofani kwenye televisheni. Badala yake aliweka kalamu chini akasikiliza.

Hapo ndipo leseni ilipoanza kumponyoka, ingawa siku ile hakuijali leseni hata kidogo.

Na hiyo leseni si karatasi ya hivi hivi. Mayarun aliletwa Aldersby, mji wa mvua na matofali mekundu kaskazini mwa Uingereza, akiwa na miaka kumi na saba, ameolewa na Suruj Miah, mtu mpole aliyeupa mgahawa wake jina la mto wa kwao. Kwa miaka ishirini na sita alikaa juu ya mgahawa huo. Alilea watoto watatu, alishona bitana za makoti ya watu asiowajua, akasaga viungo vilivyoteremshwa chini kwa ndoo. Kwa wateja waliokula chini yake, yeye alikuwa nyayo darini, basi. Suruj alipofariki, wana wakasema tuuze. Mayarun akasema nileteeni kitabu.

Kitabu kilikuwa cha mtihani wa leseni ya kuuza vileo. Alikisoma jikoni huku akimenya vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyejua machozi ni ya nini. Akiwa na miaka arobaini na nne alijua nguvu ya mvinyo, nguvu ya bia, saa za kuuza na saa za kukataa, na mlevi alikuwa akimtambua kwa hatua ya tatu kutoka mlangoni. Alifaulu kuliko vijana wote wa baa waliofanya naye mtihani, yeye ambaye ulimi wake haujagusa tone. Hata leo chupa anaibeba kwa kuishika shingoni na kitambaa, mkono umenyooshwa mbele, kama mtu anayemtoa nje paka wa jirani.

Leseni ikatundikwa karibu na mlango, ndani ya fremu, na juu yake limeandikwa jina Mayarun Bibi. Kwao alikuwa binti wa mpishi. Halafu akawa mke wa Suruj, halafu mama wa fulani. Watu wa Sylhet, jimbo la kwao, walioko Aldersby, ambao huiita kila nyumba kwa jina la mgahawa wake, walimwita Mama Surma, kama walivyosema Mama Shapla na Mama Rajmahal. Jina lake mwenyewe lilikuwa halijawahi kutundikwa popote. Aliipangusa ile fremu kila asubuhi, kabla hata ya kuweka maji ya chai.

Naye aliulipa mji kwa kuupa majina. Mteja wa Surma hakujulikana kwa jina la baba yake. Alijulikana kwa anachoagiza. Kulikuwa na Mikate Miwili, mzee mnene wa kila Ijumaa. Kulikuwa na Bila Pilipili, mama aliyevaa lulu na kuogopa hata kitunguu. Kulikuwa na Chipsi, bwana ambaye kwa miaka kumi na mitano aliingia katika mgahawa wa Kibangali kula chipsi. Majina hayo yalisemwa kwa Kisylheti, mbele yao, kwa tabasamu, nao walitabasamu pia.

Basi Kolomdor Ali, kaka yake, akaja kwa viza ya matembezi, isiyoruhusu kazi yoyote, miezi mitatu. Alikuwa na miaka sitini na saba, mwembamba kama mwanzi, ndevu amezipaka hina, na kazi ya baba yao aliirithi yeye. Mgeni wa namna hiyo akifika kutoka nyumbani, kila familia hudai kumlisha. Ni haki yao, na ukiwanyima wananuna mwaka mzima. Kwa kuwa jioni wote wako kazini, mgeni hulishwa mgahawani, saa kumi, kabla milango haijafunguliwa. Simu zikalia mpaka Mayarun akachoka. Ili watu wasigombane, akaandika orodha: Jumatatu, Shapla, saa kumi, bata kwa ndimu ya satkora. Jumanne, Rajmahal, saa kumi, samaki wa kukaanga. Na kuendelea, majuma manane, akiandika Kiingereza kwa sababu wakaza wana wa siku hizi Kibangali hawakisomi. Orodha akaibandika ukutani jikoni, juu ya magunia ya vitunguu.

Alisahau kitu kimoja tu. Alisahau kwamba kaka yake hajawahi kukaa akalishwa.

Kule Shapla, kwa Akhlus Miah, Kolomdor alikula kijiko kimoja cha bata, akatazama dari kama mtu anayeomba subira, akainuka na kuuliza vitunguu viko wapi. Rajmahal hakungoja hata kijiko. Na Surma ndiko alikopagawa hasa, kwa sababu mpishi wa Surma, Foyzul, kijana mnyoofu mwenye vibali vyake vyote na miaka kumi na miwili kazini, alimwonyesha sufuria moja kubwa ya mchuzi wa vitunguu na kumweleza kwamba humo ndimo vinamotoka vyakula vyote vya kwenye menyu.

Kolomdor aliitazama ile sufuria ya dunia kwa muda mrefu. Akasema, "Watoto arobaini, mama mmoja, na baba hajulikani."

Siku hiyo akajifunga aproni ya marehemu Suruj.

Mayarun alijiambia maneno mengi mazuri. Mtu anajichangamsha tu. Mzee akikaa bure atapata ugonjwa. Wala hakuna anayemlipa. Lakini kila jioni, kama saa kumi na moja hivi, kalamu ilisimama mkononi mwake na masikio yakaelekea jikoni. Ko-ko. Ko. Akawa tena mtoto wa miaka minane, ng'ambo ya bwawa, na mikono michafu.

Wateja nao si viziwi wa ulimi. Mikate Miwili akawa Mikate Mitatu. Chipsi, Mungu ashukuriwe, aliomba wali. Wengine wakaandika sifa kwenye simu zao, mji mzima usome: nyama ya kondoo ya Surma imebadilika, Surma wamepata mpishi mpya, nendeni kabla hajaondoka. Mayarun alizisoma kwa furaha, na haikumpitia akilini kwamba maofisa wa uhamiaji nao wana simu.

Walikuja Alhamisi, wanne, wawili mlango wa mbele na wawili wa nyuma. Kijana aliyewaongoza, Bwana Prentice, mwenye adabu na viatu visivyolia, alimkuta Kolomdor na upawa mkononi. Kolomdor alidhani ni mgeni mwingine wa kulishwa. Akashika kiganja cha yule ofisa, akakigeuza, akamdondoshea kipande cha nyama, akamwambia mojawapo ya maneno matatu ya Kiingereza aliyokuwa nayo, yaani kula. Baadaye ripoti ilieleza jambo hilo kwa mistari minne mikavu. Haikusema kama ofisa alikula. Foyzul aliyekuwepo anasema alikula, akafumba macho, ndipo akaitoa karatasi.

Halafu wakaiona orodha. Siku, jina la mgahawa, saa, chakula. Bwana Prentice aliipiga picha mara tano. Machoni pake ilikuwa ratiba ya zamu za mpishi mmoja asiye na kibali anayeazimwa mji mzima.

Juma la pili halmashauri ilitangaza kuipitia upya leseni ya Surma, kwa kuwa kule anayemfanyisha kazi mtu asiye na kibali aweza kunyang'anywa leseni ya vileo. Tangazo huwa karatasi ya buluu, nalo hubandikwa dirishani siku ishirini na nane ili kila apitaye asome. Mayarun alilibandika mwenyewe, likanyooka sawasawa, kwa sababu kitu kilichopinda humuudhi. Wakiichukua leseni hakuna bia. Bila bia Ijumaa itakuwa kama Jumatatu. Na mgahawa wa Jumatatu tupu haufiki Krismasi. Hayo aliyajua. Lakini alipokuwa akipangusa ile fremu asubuhi hakuiwaza bia. Aliuwaza msumari utakaobaki mtupu.

Na wale waliogombea kumlisha Kolomdor? Ghafla hakuna aliyemjua. Akhlus Miah wa Shapla, rafiki wa marehemu mumewe, akimwona Mayarun barabarani alivuka upande wa pili na kusoma matangazo ya basi ambalo hapandi. Mayarun akamfuata hukohuko Shapla, saa kumi kamili, akaketi bila kuambiwa karibu.

"Shemeji," alisema, "njoo uwaambie kamati kwamba kaka yangu alikuwa mgeni wako. Kwamba ile orodha ni ya kulishwa, si ya kazi."

"Shemeji, mimi ni mgonjwa wa moyo. Daktari kanikataza mambo ya serikali."

"Alikuwa mgeni wako au hakuwa?"

"Alikuwa."

"Na yule bata siku hiyo, mwisho wake alipikwa na nani?"

Akhlus Miah alitazama dari. Aliitazama sana, kama anayetafuta panapovuja.

"Nitavaa suti," alisema.

Mshauri wa leseni, Bwana Dearden, askari polisi mstaafu aliyesimamia kesi kama hizi nyingi kuliko alivyopenda, alimfundisha Mayarun majibu. Orodha ni ya mialiko. Hilo ni kweli, nalo lina shahidi. Mzee aliingia jikoni kusalimia, dakika kumi tu, akashikishwa upawa kwa utani. Nyama yote imepikwa na Foyzul. Alimrudishia hilo la mwisho mara tatu. Foyzul, basi. Mayarun akalirudia kama mtoto wa madrasa.

Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi, ukumbi mdogo wa halmashauri. Mayarun alivaa sari ya kijivu na koti la msibani. Kolomdor na Foyzul walikaa safu ya nyuma, Foyzul akimtafsiria mzee kwa kunong'ona. Mlango wa pembeni ukafunguka, wakaingia madiwani watatu wa kamati, na Mayarun akahisi kicheko kinampanda kooni kama kwikwi. Mwenyekiti alikuwa Bila Pilipili, na lulu zake. Kulia kwake Mikate Miwili. Kushoto, Chipsi.

Mwenyekiti akauliza, kama sheria inavyotaka, kama yupo mjumbe mwenye uhusiano na mgahawa unaojadiliwa. Wote watatu wakainamisha macho. Wote watatu wakakiri, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya watu walio kizimbani, kwamba huwa wanakula pale. Mwanasheria wa halmashauri alifungua kitabu, akafunga kitabu, akasema Aldersby haina diwani asiyekula Surma, kwa hiyo tuendelee.

Bwana Prentice alisoma ripoti yake vizuri. Akasoma na sifa za wateja, moja moja, na zamu hii kila sifa ilidondoka kama msumari. Akhlus Miah, ndani ya suti iliyomkumbatia kupita kiasi, alieleza desturi ya kumlisha mgeni, majina ya nyumba na majina ya migahawa, hata Chipsi akatikisa kichwa kwa kuelewa. Bwana Dearden akafunga kalamu. Mambo yalikuwa yananyooka.

Ndipo Mikate Miwili alipoinua mkono.

"Bibi," alisema, "nimekula kwako miaka kumi na tisa. Mwezi wa tatu nyama ya kondoo ilibadilika. Nani aliipika?"

"Mpishi wetu ni Foyzul," alisema Mayarun, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Sikuuliza mpishi wenu ni nani. Nauliza ile nyama."

Mayarun alisikia mnong'ono wa Foyzul ukimfikia kaka yake, neno kwa neno, halafu ukakoma. Akageuka kidogo. Kolomdor alikuwa ameketi wima kama kijiti. Hakuonyesha hasira. Alikuwa na uso wa baba yao siku za harusi, wageni walipopita na vinywa vinavyong'aa mafuta wakimshukuru mwenye nyumba, bwana harusi, hata aliyegawa sahani, na aliyepika amesimama kando akijipangusa mikono. Juu ya goti lake vidole viwili viligonga, mara mbili, halafu mara moja. Wala hakujua kwamba anagonga.

Ilibidi jina la Foyzul litajwe. Bwana Dearden alilitamka kwa midomo bila sauti: Foyzul, Foyzul, Foyzul. Na kule mgahawani, kwenye fremu juu ya msumari, limeandikwa jina Mayarun Bibi.

"Ndugu yangu," alisema Mayarun. "Yule pale nyuma, mwenye ndevu nyekundu. Ndiye aliyeipika."

Bwana Dearden alivua miwani.

Mayarun akaeleza. Kwamba orodha ilikuwa ya kulishwa, kweli kabisa, lakini jikoni kwake mgeni aliinuka. Mwenyekiti akauliza kama ilikuwa hivyo na kwenye migahawa mingine ya orodha. Kwenye safu ya mashahidi, suti ya Akhlus Miah ililia kwenye mshono. "Mimi nina jiko moja, mama," alisema Mayarun. "Ya majiko ya watu siyajui." Mshono ukatulia.

Bwana Prentice akauliza mzee alilipwa nini. Akajibiwa kwamba mzee ndiye aliyewatoza. Kila jioni ilibidi wote wakae, waonje, wasifie, na ambaye hakusifia vya kutosha alihubiriwa. Chipsi alikohoa ndani ya kitambaa. Mwenyekiti hakucheka. Alitazama makaratasi, akauliza Mayarun alilijua hilo tangu lini.

"Siku ya tatu. Nilimsikia."

"Na hukumzuia. Wewe ndiye mwenye leseni, Bibi. Kwa nini?"

Kwa hilo Bwana Dearden hakuwa amemfundisha jibu. Mayarun alitafuta la kuchekesha, maana lilikuwepo siku zote, akanyoosha mkono asilipate. Akasema kwamba sauti ile ya upawa, ya baba yao, hakuwa ameisikia tangu aolewe, na alitaka kuisikia na kesho yake. Kila siku alitaka ya kesho yake. Basi.

Madiwani walitoka kwa dakika arobaini. Waliporudi, Bila Pilipili alisoma uamuzi bila kumtazama mtu. Kosa limefanyika, na mwenye leseni alilijua, wangeweza kuiondoa. Lakini kwa kuwa amesema kweli pale ambapo uwongo ulikuwa rahisi, leseni itabaki kwa jina lake. Kwa siku ishirini na nane hatauza kileo. Vibali vya kila mfanyakazi vitawekwa kwenye jalada. Na mtu yeyote asiye mwajiriwa, awe ndugu, awe mgeni, asivuke mlango wa jikoni. Naye Kolomdor, uhamiaji ulikuwa umemruhusu aondoke kwa tiketi yake ileile, baada ya siku kumi na moja.

Nje, kwenye ngazi, Foyzul alimwambia, "Mama mdogo, ungelinitaja tu. Mimi nisingekasirika."

"Wewe hapana," alisema Mayarun.

Zile siku ishirini na nane watu walikunywa maziwa ya mgando yenye embe na kuzungumza kuhusu bia. Wengine hawakuja. Mikate Miwili alikuja, akala mmoja, akaondoka na huzuni yake. Asubuhi Mayarun alipangusa fremu.

Siku moja kabla ya safari, saa kumi, Kolomdor aliketi meza ya saba, mbele, kama mteja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa upande ule. Mlango wa kusukuma ulikuwa hatua sita mbele yake, naye aliutazama kama mtu wa nchi kavu anavyotazama mto uliofurika. Mayarun alimletea maji, akamtandikia kitambaa, akaketi naye.

Foyzul akaleta nyama ya kondoo. Alikuwa ameipika peke yake tangu asubuhi, bila sufuria ya watoto arobaini. Aliiweka mezani, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama pale akishika ncha ya aproni, akingoja.

Kolomdor alinawa, akamega, akaonja. Mayarun alikula naye. Iliki ilikuwa imezidi, kitunguu kimeungua pembeni, na chumvi ilikuwa imepita kwa haraka bila kusalimia. Alimwona kaka yake anatafuna polepole. Alimwona anatazama dari. Mtu huyu kikaoni hakuweza kuvumilia nyama yake ipewe baba mwingine. Hajawahi maishani mwake kukisifia chakula cha mtu, hata cha bi harusi.

Kolomdor akachukua kijiko, akagonga ukingo wa bakuli. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

"Ni nzuri, mwanangu," alisema kwa sauti kubwa, mpaka jikoni isikike. "Ni ya harusi hii."

Foyzul aliinama, akapotea nyuma ya mlango. Kolomdor akaendelea kula, tonge baada ya tonge, bila kumtazama dada yake. Mayarun akaegemea mbele, kama anayetaka kumwongezea maji, na kwa sauti ya chini kabisa akamwambia neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa wake.

"Mwongo."